Gari la kwetu au la ng'ambo? Hesabu ya kufanya kabla pesa hazijatoka

KATIKA familia nyingi nchini Kenya, gari la kwanza hupatikana baada ya miaka ya kujinyima. Pesa hutoka kwenye sacco, kwenye chama, au kwenye ploti iliyouzwa baada ya majadiliano marefu. Zinapokaribia kutosha, mjadala mwingine huanza. Je, zinunue gari jipya lililounganishwa humu nchini, au zitumwe Japani kuleta lililotumika?

“Mama watoto, tukiendelea kununua vya wenzetu, hawa wetu watafanya kazi wapi?” mume huuliza.

“Baba watoto, karo ya muhula ujao hailipwi kwa uzalendo,” mke humjibu.

Wote wawili wana hoja. Shida ni kwamba mabishano hayo mara nyingi hayalingani na kilichoko barabarani. Gari linaloitwa la kwetu si la kwetu lote, na la ng'ambo likishatoka bandarini hulipiwa kodi hapa na kutengenezwa na fundi wa hapa. Kwa mzazi kuna swali lililo zito kuliko asili ya gari: litagharimu nini, na litawalinda watoto vipi, hadi kitinda mimba amalize shule?

Gari la Kenya ni lipi?

Kenya ina viwanda vitatu vinavyojulikana zaidi kwa kuunganisha magari, vyote vikiwa na mizizi ya miaka ya 1970: Isuzu East Africa jijini Nairobi, Kenya Vehicle Manufacturers (KVM) mjini Thika, na Associated Vehicle Assemblers (AVA) mjini Mombasa. Hicho cha Nairobi kilijulikana kwa jina la General Motors hadi 2017, kampuni hiyo ya Marekani ilipouza hisa zake kwa Isuzu ya Japani. Thika ilianza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo mwezi Desemba 2016. Mombasa nayo imeunganisha, miongoni mwa mengine, Proton Saga kutoka Malaysia.

Kazi yenyewe huenda hivi. Gari huletwa likiwa vipande ndani ya makasha. Wafanyakazi huchomelea, hupaka rangi, hufunga injini, nyaya na viti, kisha hulijaribu. Vitu vichache, kama betri na springi, vinaweza kutoka kwa watengenezaji wa hapa. Injini, gia na vifaa vya umeme hutoka nje, na jina lililo mbele ya boneti ni la kigeni.

Hii haina maana kwamba Kenya haijawahi kutaka gari lenye jina lake. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari. Mwaka 1990 magari matano yaliyoitwa Nyayo Pioneer yalionyeshwa kwa umma. Yalikwenda, lakini hayakufika madukani, kwa kuwa pesa za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana. Miaka ya baadaye ikaja kampuni ya Mobius, iliyounda gari gumu na lisilo na mapambo mengi kwa ajili ya barabara mbovu. Agosti 2024 ilitangaza kwamba inafunga kazi, kabla ya mnunuzi kujitokeza kuichukua.

Malaysia ilifuata njia hiyo hadi mbali zaidi. Proton ilianzishwa 1983 na Saga ya kwanza ikatoka 1985. Ili gari hilo lipate wanunuzi, serikali iliyatoza magari ya nje ushuru mkubwa. Viwanda vilikua na vijana wakapata ujuzi, lakini kwa miaka mingi familia za Malaysia zilizotaka gari la nje zililipa bei ya juu. Mwaka 2017 karibu nusu ya hisa za Proton zilinunuliwa na Geely ya China. Funzo kwa mzazi wa Kenya ni kwamba gari la taifa halitoki mbinguni. Kuna anayeligharamia, na mara nyingi ni yule anayelipa akiwa dukani.

Hata Marekani, mkongwe wa mjadala huu, mstari kati ya la nyumbani na la nje umefifia. Toyota Camry imekuwa ikiundwa Georgetown, jimbo la Kentucky, tangu 1988, ilhali baadhi ya magari yenye majina ya Kimarekani huundwa Mexico. Sheria ya 1992 inataka gari jipya libandikwe karatasi inayoonyesha ni asilimia ngapi ya vipuri vyake vimetoka Marekani na Canada. Mnunuzi husoma takwimu badala ya kukisia kwa jina. Mzazi wa Kenya anayetaka kununua cha nyumbani anaweza kumuuliza muuzaji swali hilo hilo: ni sehemu gani hasa za gari hili zimetengenezwa hapa?

Kwa nini Japani?

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Kenya hutoka Japani, na sababu zinaeleweka. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama Wakenya. Huko gari la kibinafsi likinunuliwa jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo, pamoja na kodi na bima zinazoandamana nao, ni ghali, hivyo wengi huona heri wauze wanunue jingine. Ndiyo maana gari la miaka sita au saba hufika Mombasa likiwa bado na nguvu.

Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025, kwa mfano, lililokubalika ni lile lililosajiliwa 2018 au baadaye. Usukani lazima uwe kulia, na gari lazima likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Tanzania haijaweka ukomo kama huo, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Kwa sababu hiyo bei ambayo mama wa Nairobi anasimuliwa na dada yake aliyeko Arusha haiwezi kuwa kipimo chake.

Kuna jambo ambalo huwashtua wanunuzi wengi wa mara ya kwanza. Mamlaka ya Ushuru (KRA) haikadirii kodi kwa bei ambayo mtu alilipa Japani. Hutumia orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, kisha hupunguza kiasi fulani kulingana na umri wa gari. Aliyepata gari kwa bei ya kutupa mnadani anaweza kukuta kodi ni ile ile anayotozwa jirani aliyelipa zaidi. Ushuru wa bidhaa nao hupanda injini inapozidi sentimita za ujazo 1500, na hiyo ni sababu moja ya magari madogo kujaa mitaani. Baada ya kodi bado kuna ada za bandari, wakala wa forodha na usajili. Mzazi asiagize kabla hajaandikiwa jumla ya yote hayo.

Hoja ya kazi

Anayesema gari lililounganishwa nchini linaleta ajira hakosei. Vipande vinavyoletwa kuunganishwa hupunguziwa kodi kwa sababu hiyo: serikali huacha mapato fulani ili vijana wapate kazi ya kuchomelea, kupaka rangi na kufunga umeme. Kijana anayetoka chuo cha ufundi akiwa na cheti cha mekanika anahitaji mahali pa kuingia.

Lakini gari lililotumika nalo lina watu wake. Kuna madereva wanaoyatoa bandarini, wauza vipuri wa Kirinyaga Road, wapiga rangi, mafundi wa jua kali na waosha magari. Rasimu ya sera ya kitaifa ya magari ilipopendekeza ukomo wa umri ushushwe kutoka miaka 8 hadi 5, kisha 3, waagizaji walipinga vikali wakisema familia za kipato cha kati zingefungiwa nje. Ukomo wa miaka 8 ulibaki.

Kwa hiyo hakuna upande wenye haki ya kumwita mwingine msaliti. Kuamua ni viwanda gani vikue ni kazi ya sera, na mzazi hushiriki kwa kura yake na kwa kodi anayolipa. Kumtaka alipie kiwanda peke yake kwa mkopo asioweza kuumudu ni kumbebesha mzigo usio wake.

Hesabu ya nyumbani

Hapa ndipo kalamu na karatasi hutakiwa. Tuseme gari jipya lililounganishwa nchini linazidi lile lililotumika kwa Sh1 milioni, na familia inapanga kukopa tofauti hiyo. Kwa mkopo wa miaka 4, riba ya asilimia 15 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, malipo ni karibu Sh27,800 kila mwezi. Mwisho wa miaka hiyo, riba peke yake itakuwa imefika karibu Sh336,000. Kwa familia fulani hiyo ni karo ya mtoto mmoja wa shule ya bweni kwa miaka kadhaa.

Upande wa pili wa karatasi nao usiachwe wazi. Gari jipya huja na dhamana, kwa hiyo gia ikifa ndani ya muda huo mwenye duka ndiye anayeumia kichwa. Historia yake inajulikana na kitabu chake cha maelezo kinasomeka. Lililotumika huja bila ahadi hiyo, na mwenyewe ndiye hubeba kila mshangao. Familia inayonunua la Japani kwa bei nafuu bila kubakiza akiba ya matengenezo imenunua nusu ya gari.

Kuna pia vitu vidogo vinavyokula pesa kimya kimya. Redio za magari ya Japani hazifiki masafa yote ya FM yanayotumika hapa, hivyo stesheni nyingi hazishiki mpaka kifaa kingine kifungwe. Skrini huzungumza Kijapani. Gari la mseto, linalotumia petroli na umeme, hupunguza matumizi ya mafuta, lakini betri yake kubwa ikichoka, gharama ya kuibadilisha inaweza kumeza akiba yote ya mafuta ya miaka. Anayelitaka alipe kwanza fundi mwenye mashine apime afya ya betri hiyo.

Kuhusu vipuri, jina lililo maarufu mtaani hushinda uzalendo na fahari. Gari ambalo kila gereji inalijua, na ambalo vipuri vyake vinapatikana Nakuru, Kisumu na Malindi, humrudisha mtoto shuleni Jumatatu. Gari la ajabu, liwe la Thika au la Ulaya, linaweza kukaa wiki tatu likingoja kipande kimoja. Kabla ya kulipa, mzazi ampigie simu fundi anayemwamini na amuulize bei za vitu vitatu tu vya gari hilo: pedi za breki, shokomzoba na taa ya mbele. Majibu hayo yatamweleza mengi kuliko tangazo lolote.

Viti vya nyuma

Watoto hawajui gari limetoka wapi. Wanachojua ni kiti walichokalia, na hapo pande zote mbili zina maswali ya kujibu.

Kuwa jipya si kuwa salama zaidi. Magari ya aina moja yanaweza kuuzwa yakiwa na vifaa tofauti vya usalama katika masoko tofauti, na mara nyingi soko la Afrika ndilo hupewa pungufu. Shirika la Global NCAP lilipoyagonga kwa majaribio magari yanayouzwa Afrika Kusini mwaka 2017, Polo Vivo ilipata nyota 3 kati ya 5, Toyota Etios ikapata 4, na jingine halikupata hata moja. Yote yalikuwa mapya. Mzazi aliyeko dukani aulize kuna mifuko mingapi ya hewa, kama breki zina mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, na kama gari lina mfumo wa kulizuia lisiyumbe kwenye kona.

Lililotumika lina maswali yake. Minada ya Japani huandika karatasi ya hali ya gari, yenye alama na mchoro wa kila mkwaruzo. Herufi R kwenye nafasi ya alama kwa kawaida huonyesha kwamba gari liliwahi kugongwa au kufanyiwa ukarabati mkubwa. Muuzaji asiyetaka kuionyesha karatasi hiyo amekwisha kujibu swali. Ikipatikana, kilomita zilizoandikwa humo zilinganishwe na zile za kwenye dashibodi, kwa kuwa kurudisha mita nyuma ni mchezo wa zamani.

Hatari nyingine hujificha ndani ya usukani. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani, iliyofungwa kwenye magari ya kampuni nyingi duniani, iligunduliwa kuwa na kasoro. Kemikali inayoijaza hewa huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na siku ya ajali chombo chake cha chuma kinaweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwa aliyeketi mbele. Watu wamekufa katika nchi kadhaa, mamilioni ya magari yakaitwa yarekebishwe, na Takata yenyewe ikafilisika 2017. Yaliyoathirika zaidi ni ya miaka ya 2000 hadi katikati ya miaka ya 2010. Hayo hayaruhusiwi tena kuingizwa, lakini yale yaliyoingia zamani bado huuzwa mkono wa pili na wa tatu, hata Pwani ambako joto na unyevu haviishi. Kampuni nyingi za magari huwezesha mtu kukagua kwenye tovuti zao kwa nambari ya chesisi kama gari liliitwa na kama lilirekebishwa. Ni kazi ya dakika tano kwa simu, na bahasha ya pesa isifunguliwe kabla haijafanyika.

Mwisho, kiti cha mtoto. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana vyuma viwili vya ISOFIX vilivyojificha kati ya mgongo na makalio ya kiti cha nyuma, vya kukishikilia kiti cha mtoto. Mzazi apapase kwa mkono avipate. Avute pia kila mkanda wa nyuma hadi mwisho, aone kama unarudi na kama unafunga. Mkanda uliokatika si jambo la kutengenezwa baadaye, kwa kuwa safari ya kwanza ya gari jipya la familia mara nyingi ni ile ndefu ya kwenda nyumbani kwa babu na nyanya.

Gari kubwa ambalo wazazi hununua bila kujua

Kuna gari moja ambalo mamia ya wazazi hulinunua pamoja, wakati mwingine bila hata kuliona: basi la shule. Michango hukusanywa, mwalimu mkuu hutangaza, na siku moja basi la manjano, rangi inayotakiwa na sheria, huingia langoni watoto wakishangilia.

Katika basi hili, mjadala wa la kwetu na la ng'ambo una uzito wa kweli. Mengi ya mabasi ya viti 33 ni chesisi ya Isuzu iliyounganishwa Nairobi, kisha bodi yake ikajengwa na mafundi wa humu nchini: fremu, mabati, viti, milango na madirisha. Kati ya magari yote ambayo familia hupanda, hili ndilo linaloweza kuitwa la Kenya bila kuona haya. Pesa za wazazi hapo huenda moja kwa moja kwa mchomeleaji na mshona viti, na hakuna familia moja iliyokopa peke yake.

Ndiyo sababu pia wazazi wana haki ya kudai kazi safi. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lina kiwango kinachoitwa KS 372, kinachoeleza jinsi bodi ya gari la abiria inavyopaswa kujengwa. Fremu dhaifu hujikunja basi linapobingiria, na kiti kisichofungwa imara sakafuni hung'oka na mtoto juu yake. Hakuna mwenye basi anayepaswa kusamehewa hayo kwa kuwa aliyejenga ni kijana wetu. Kununua cha nyumbani kunampa mnunuzi nafasi ambayo aliyeagiza Japani hana: anaweza kwenda kiwandani kabla kazi haijafunikwa kwa rangi.

Mkutano ujao wa wazazi ukitangaza mchango wa basi, maswali yanayofaa ni manne. Nani anajenga bodi, na ana cheti cha kuonyesha kwamba anafuata KS 372? Je, kila mtoto atakuwa na kiti na mkanda wake, au watatu watabanwa kwenye viti viwili? Je, mlango wa dharura unafunguka kwa ndani, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuufungua? Na je, wazazi wawili wataruhusiwa kwenda kuliona basi likiwa bado mifupa ya chuma? Shule ikiwa na majibu, mchango utolewe kwa moyo mweupe. Ikiwa haina, pesa zingoje.